Samaki Wenye Ndevu

Watoto, mmekwisha kuona samaki sokoni mara nyingi. Hapa Lubumbashi samaki hutoka mbali. Wengine hutoka Kasenga, penye mto Luapula. Wengine hutoka Ziwa Mwero, wengine mto Lufira, wengine maziwa ya Upemba. Wengine huletwa wabichi, wengine wamekaushwa kwa moshi. Katika karai la mama muuzaji mmemwona samaki mmoja mwenye ngozi laini, asiye na magamba, na mdomoni ana ndevu kama paka. Huyo ni kambale. Kila mtu anamjua.

Je, mnajua kwamba kambale ana ndugu wengi sana? Wako katika mito ya Kongo, katika Ziwa Tanganyika, hata ng'ambo ya bahari katika Amerika ya Kusini. Wengine ni wakubwa kuliko mtoto wa shule, wengine ni wadogo kama kidole. Na wengine hawaishi mtoni wala ziwani, bali nyumbani mwa watu, ndani ya sanduku la kioo lenye maji. Sanduku hilo huitwa akwariumu. Samaki wa akwariumu hawafugwi kwa kuliwa. Watu huwafuga ili wawatazame na kujifunza maisha yao.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuwatambua samaki hao, aina moja na nyingine. Labda mmoja wenu atasema: "Kuna faida gani? Samaki ni samaki." Ngojeni kidogo. Mbele mtamwona mama mmoja aliyeshindwa kutambua, nanyi mtajua hasara aliyoipata.

I. Hesabu ndevu kwanza

Mtu asiyefundishwa hutazama rangi kwanza. Mvuvi mwerevu hatazami rangi kwanza. Yeye hutazama ndevu, mdomo, mapezi na ngozi, kisha rangi. Tufanye kama yeye.

Mshikeni kambale wa sokoni mhesabu ndevu zake. Ziko 8: mbili puani, mbili pembeni mwa mdomo, na nne chini ya kidevu. Sasa tazameni mgongo wake. Ana pezi moja refu, linaloanza nyuma ya kichwa na kufika karibu na mkia. Lakini mara nyingine mtaona samaki anayefanana naye sana, mwenye ndevu 8 vilevile, ila pezi lake la mgongoni ni fupi zaidi, na nyuma yake kuna pezi la pili, nene, la nyama tupu. Huyo si kambale yule wa kwanza. Ni ndugu yake, naye huweza kupita meta moja kwa urefu. Wauzaji wengi huwaita wote wawili kwa jina moja. Ninyi sasa mnaweza kuwatenganisha kwa kutazama mgongo tu.

Wa pili ni gogogo. Ndivyo Waswahili wengi wa mashariki wanavyomwita. Ndevu zake ni 6. Mbili za juu ni ndefu na nyororo. Nne za chini zina matawi madogo madogo, kama vijiti vya mti. Ukiona ndevu zenye matawi chini ya kidevu, na kichwa kigumu kama kofia ya mfupa, umemwona gogogo.

Wa tatu ni mgeni kutoka Amerika. Mdomo wake uko chini ya kichwa, mviringo kama kikombe kidogo, nao hunata juu ya jiwe. Ndevu zake za kweli ni mbili tu, fupi sana, pembeni mwa mdomo. Lakini juu ya pua yake dume ana vinyama vingi vyenye matawi, kama kichaka. Mtu akimwona husema: "Kumbe, huyu ana ndevu kuliko wote!" Anakosa. Vile vinyama si ndevu, ni nyama iliyoota juu ya pua.

Mnaona? Kuhesabu tu kumetupa jamii tatu. 8, 6, na 2.

II. Gogogo wa kwetu

Gogogo ni wa Afrika tu. Hapatikani penye bara jingine. Aina zake ni zaidi ya 100. Wataalamu huwaita kwa Kilatini Synodontis. Wanatumia Kilatini ili mtu wa Lubumbashi, wa Berlin na wa Tokyo waelewane, maana kila kijiji kina jina lake la samaki.

Gogogo ana miiba mitatu migumu: mmoja mgongoni na miwili ubavuni, nyuma ya kichwa. Akishikwa huisimamisha na kuifunga kwa nguvu, kama mtu anavyofunga mlango kwa komeo. Huwezi kuilaza kwa kuisukuma. Basi samaki mkubwa akimmeza, koo lake huchomwa. Na mvuvi asiyemtambua gogogo katika wavu wake huchomwa mkono. Hasara ya kwanza ya kutokutambua ndiyo hiyo: damu.

Tena gogogo hulia. Shina la ule mwiba wa ubavuni husuguana na mfupa wake, na sauti hutoka. Litamkeni jina lake polepole: go-go-go. Mmesikia?

Katika Kongo yetu kuna gogogo mmoja mdogo wa ajabu. Huyo huogelea chali, tumbo juu na mgongo chini. Kwa Kilatini anaitwa Synodontis nigriventris, maana yake "mwenye tumbo jeusi". Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Ndege akitazama kutoka juu haoni kitu, maana mgongo unafanana na kilindi cha maji. Adui akitazama kutoka chini haoni kitu, maana tumbo linafanana na mwanga wa mbingu. Lakini huyu wetu ameligeuza vazi lake: tumbo ni jeusi kuliko mgongo, kwa sababu tumbo ndilo linalotazama juu. Basi kumtambua ni rahisi, hata akiwa amekufa na hawezi tena kuogelea. Tazameni tumbo.

III. Madoa ya Tanganyika

Sasa twende safari ndefu, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, mpaka Moba au Kalemie. Hapo tunaona maji hata hatuoni ng'ambo. Ni Ziwa Tanganyika. Kina chake ni karibu meta 1,470. Katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hilo. Nchi nne zinalishirikiana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Ziwa hilo limekaa peke yake miaka mingi sana, hata samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine duniani. Wavuvi wa pwani zake wamewakamata gogogo wake tangu zamani, na leo wengi wao hupelekwa hai kwa ndege mpaka Ulaya, Amerika na Asia, kukaa katika akwariumu.

Miongoni mwa gogogo wa ziwa hilo wako waliofanana kama watoto wa tumbo moja. Wote wana rangi ya udongo yenye madoa meusi. Wote wana mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Mwenye haraka huwaita wote "gogogo wa madoa", akaridhika. Lakini tuwatazame kwa utaratibu.

Wa kwanza alipewa jina mwaka 1898 na George Albert Boulenger, mtaalamu aliyezaliwa Ubelgiji na kufanya kazi London. Alimwita Synodontis multipunctatus, maana yake "mwenye madoa mengi". Alama zake ni mbili: jicho lake ni kubwa, na tumbo lake ni jeupe, halina doa.

Wa pili alipewa jina mwaka 1959 na Hubert Matthes. Alimwita Synodontis petricola, maana yake "mkaa mawe". Jicho lake ni dogo kuliko la wa kwanza, na madoa yake yanashuka mpaka tumboni.

Basi miaka mingi watu wa akwariumu walisema: "Tumbo bila doa, ndiye wa kwanza. Tumbo la madoa, ndiye mkaa mawe." Walidhani kazi imekwisha. Kumbe bado! Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Jeremy Wright na Lawrence Page, waliwachunguza tena gogogo wote wa Tanganyika, mmoja mmoja, wakitazama ndevu, macho, miiba na mapezi. Wakaona aina tatu ambazo hazijapata jina bado. Mmoja alifichwa ndani ya jina la mkaa mawe. Watu walimnunua na kumfuga wakimwita petricola, naye si yeye. Alama yake ni hii: rangi nyeusi ya mapezi yake haifiki mpaka shina la pezi, bali penye shina pana sehemu nyeupe, kama dirisha dogo. Kwa hiyo walimwita Synodontis lucipinnis, maana yake "mwenye mapezi ya nuru". Mwingine alifanana na yule mwenye madoa mengi, lakini jicho lake ni kubwa zaidi, naye akaitwa Synodontis grandiops.

Tazameni, watoto. Madoa ni yale yale, lakini aina ni mbali mbali. Rangi imewadanganya watu wazima na wenye elimu. Basi nao hawakuona haya kutazama tena. Wazee walisema: kuuliza si ujinga.

IV. Mama aliyedanganywa

Sasa msikilize habari ya yule mama.

Katika Ziwa Tanganyika wako samaki wa ukoo wa tilapia ambao huatamia mayai kinywani. Mama hutaga mayai machache juu ya mawe, hugeuka upesi, huyaokota kwa mdomo, kisha hutaga mengine. Akimaliza hukaa na mayai kinywani majuma kadhaa. Hapo watoto huanguliwa na kukua, wamefichwa mbali na adui. Siku hizo mama hali vizuri, hata hukonda. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya watoto wake.

Lakini yule gogogo mwenye madoa mengi anamvizia. Mama anapotaga, gogogo dume na jike huja kwa kasi, hupita katikati, hula baadhi ya mayai ya mama, na papo hapo hutaga ya kwao. Mama anaona fujo, anaogopa, anaharakisha. Anaokota mayai yote aliyoyaona bila kuyachagua, yake na ya gogogo, na kuyafunga kinywani.

Mayai ya gogogo huanguliwa mapema kuliko ya mama. Vitoto vya gogogo humaliza kwanza chakula kilichomo katika kiini cha yai lao. Kisha huona njaa. Wako mahali pa giza, nao watoto wa mama wako karibu, wadogo na laini. Basi huwala mmoja baada ya mmoja, humo humo ndani ya kinywa cha mama yao. Siku mama anapofungua mdomo, hutoka watoto wenye ndevu 6. Wakati mwingine hakuna hata mmoja wa kwake.

Habari hiyo ilielezwa na mtaalamu wa Japani, Tetsu Sato, mwaka 1986. Watu walistaajabu sana. Walijua ndege wanaotaga katika kiota cha wengine, lakini hawakujua samaki afanyaye hivyo.

Je, mama huyo hawezi kujifunza? Mwaka 2018 wataalamu waliofanya kazi yao Ucheki walieleza jaribio lao. Waliwaweka gogogo hao pamoja na samaki wa Tanganyika, kisha pamoja na samaki wa maziwa mengine ambako gogogo huyo hakuwako kamwe. Samaki wa maziwa mengine walidanganywa kwa urahisi. Samaki wa Tanganyika hawakudanganywa sana. Mara nyingi waliyatema mayai ya mgeni. Na waliokwisha kupata hasara mara moja walijihadhari zaidi mara nyingine. Lakini ulinzi huo una bei yake: mama mwenye kutema mayai ya mgeni mara nyingine hutema na ya kwake pia.

Hivyo ukoo uliokaa na adui miaka mingi umejifunza kumtambua, na ukoo usiomjua umeshindwa. Msiseme tena kwamba kutambua hakuna faida. Kwa samaki huyo, kutambua ni watoto wake.

V. Mgeni wa Amerika

Turudi kwa yule mwenye vinyama puani. Kwa Kilatini jamii yake inaitwa Ancistrus. Ni samaki mdogo. Wengi wa akwariumu hawapiti sentimeta 15. Ngozi yake ina mabamba ya mfupa, kama ngao zilizopangwa. Kwa mdomo wake hukwangua ukoga wa kijani juu ya mawe na mbao. Ndiyo sababu watu humpenda: husafisha kioo.

Dume ana vinyama vingi juu ya pua na paji la uso. Jike hana, au ana vichache vifupi pembeni mwa pua. Dume ndiye mlezi. Huchagua shimo katika ubao, jike hutaga humo, kisha dume hukaa mlangoni, hupepea mayai kwa mapezi ili yapate maji safi, na kumfukuza kila ajaye. Mwaka 1999 wataalamu watatu, mmoja wao yule yule Page, walitoa wazo: labda jike akiona vile vinyama anadhani ni watoto wadogo, naye hupenda kutaga kwa dume anayelea watoto tayari.

Kwa samaki huyo rangi hudanganya kwa njia nyingine. Katika duka moja mtaona mmoja wa kahawia, mwingine wa manjano, mwingine mweupe mwenye macho mekundu, mwingine mwenye mapezi marefu kama kanzu. Mtadhani ni aina nne. La! Mara nyingi wote ni aina moja, waliochaguliwa na wafugaji, kama kuku wa rangi mbalimbali katika ua mmoja. Kule Tanganyika rangi ilikuwa moja na aina nyingi. Hapa rangi ni nyingi na aina ni moja.

Tena wauzaji wengi wamemwita huyu wa kawaida Ancistrus dolichopterus. Jina hilo si lake. Dolichopterus wa kweli hutoka mito ya maji meusi upande wa Amazon, ni mweusi mwenye nukta nyeupe, na pezi lake la mgongoni na mkia wake vina ukingo mweupe. Huyu wa kawaida hana ukingo huo. Kwa kuwa samaki wa ukoo huo wengi huletwa bila jina, tangu mwaka 1988 gazeti moja la Ujerumani, DATZ, huwapa namba pamoja na herufi L, mpaka wataalamu watoe jina. Njia hiyo ni njema: afadhali kusema "sijui, huyu ni namba fulani" kuliko kumpa jina la mwingine.

VI. Jina baya huleta nini?

Kwanza, njaa na ugonjwa. Mkwangua ukoga hutaka ukoga, majani na ubao. Gogogo wa madoa hutaka konokono na wadudu. Ukimpa mmoja chakula cha mwenzake kwa kudhani ni yeye, atadhoofika mbele ya macho yako, nawe hujui sababu.

Pili, mchanganyiko. Wafugaji wengine wamewachanganya gogogo wa aina mbili. Watoto wao hawafanani na baba wala mama, nao huuzwa kwa jina la uongo.

Tatu, mito yetu. Watu wengine wakichoka na samaki wao huwamwaga mtoni. Wako ndugu wakubwa wa yule mkwangua ukoga, nao wameachwa hivyo katika Florida, Mexico, Ufilipino, hata Afrika ya Kusini. Wamezaana wengi mno. Huchimba mashimo kingoni mwa mto ili kutaga, na kingo hubomoka. Sasa fikirini mto wetu wa Lubumbashi. Maji yake huingia Kafubu. Kafubu huingia Luapula. Luapula huingia Ziwa Mwero. Kutoka Mwero mto Luvua huyapeleka mpaka Lualaba, nao Lualaba ndio mto Kongo. Samaki aliyemwagwa hapa mjini ana njia wazi mpaka kwa wavuvi wa Kasenga na mbele zaidi. Basi mgeni wa akwariumu asimwagwe mtoni kamwe.

Mkimwona samaki mwenye ndevu, sokoni au katika kioo, msiseme jina lake upesi. Hesabuni ndevu. Tazameni mdomo, kisha mgongo na mapezi, kisha jicho na tumbo. Rangi iwe ya mwisho. Haraka haraka haina baraka. Yule mama wa Tanganyika aliokota kwa haraka.

Maneno ya kufahamu

Akwariumu: sanduku la kioo la kufugia samaki.
Kuatamia: kutunza mayai mpaka yaanguliwe.
Ukoga: utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe majini.
Mabamba: vipande vipana na vigumu.
Komeo: kijiti au chuma cha kufungia mlango.

Maulizo

1. Kambale ana ndevu ngapi? Gogogo je? Mkwangua ukoga je?
2. Gogogo hutoaje sauti?
3. Kwa nini samaki aogeleaye chali ana tumbo jeusi?
4. Petricola na lucipinnis hutambulikana kwa alama gani?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mama anavyodanganywa na gogogo.
6. Taja kwa utaratibu mito na ziwa ambamo maji ya mto Lubumbashi hupita mpaka Lualaba.
7. Nenda sokoni pamoja na mama au dada. Chagua samaki mmoja mwenye ndevu. Andika alama zake tano bila kutaja rangi. Kesho usome darasani, wenzako watambue ni samaki gani.